Nusu ya Laini Isiyotumika

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie mipango ya gridi ya kanda, na najua wengi mnangoja mabwawa na paneli za jua. Mimi nitaanza na laini ya umeme inayoonekana kama haina kazi.

Chukueni nchi tatu jirani, kila moja ina mtambo mkubwa wa megawati 300. Mtambo huo ukizimika ghafla, lazima megawati 300 nyingine ziwe tayari, la sivyo masafa ya mfumo, yaani kasi ya mtetemo wa umeme, yanashuka na wateja wanaanza kukatiwa. Kila nchi ikijitegemea, kanda nzima inaweka akiba ya megawati 900. Zikiungana, 300 zinaweza kutosha, maana ni nadra mitambo miwili ianguke kwa mkupuo mmoja. Hesabu tamu! Ila laini inayoziunganisha lazima iwe na nafasi ya kubeba mzigo huo wa ghafla. Ukiijaza kutwa kucha kwa kuuziana umeme, akiba ya jirani utaishia kuisikia kwenye simu.

Hapo ndipo tunapogombana na watu wa fedha. Wanaona laini inabeba nusu ya uwezo wake, wanasema hela imepotea. Nusu hiyo iliyobaki ndiyo tuliyoinunua.

Lakini nafasi ya kwenye karatasi si nafasi ya porini. Agosti 14, 2003, katika jimbo la Ohio, Marekani, laini ya kilovoti 345 ilijizima ikiwa haijafika hata nusu ya uwezo wake. Waya ukipata joto hurefuka, ukirefuka hulegea. Ule ulilegea ukakuta mti ambao haukupogolewa. Mzigo ukahamia laini nyingine, nazo zikalegea, na miti ikawa inazingoja. Programu ya kengele kwenye chumba cha udhibiti ilikuwa imekufa, waliokuwa zamu hawana habari. Jua halijazama, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Canada hawakuwa na umeme. (Wapogoaji hawatajwi kwenye hotuba za uzinduzi.)

Mahitaji je? Wastani wa mwaka usiwadanganye. Tunapanga kwa saa mbaya kuliko zote, mara nyingi ile ya jioni, paneli zimenyamaza na watu wanarudi nyumbani. Na sasa wanakuja wenye vituo vya data, majengo ya kompyuta yanayokula umeme mwingi. Jengo lao laweza kuwa tayari kwa miaka miwili. Laini ya msongo mkubwa, ukihesabu vibali na fidia, huweza kula hata kumi. Ukisubiri mteja asaini ndipo uanze kuchora ramani, umechelewa.

Kwa hiyo nikipewa pesa za jambo moja tu, nanunua mapema mkuza mpana, yaani ukanda wa ardhi wa kupitishia laini, nasimamisha minara ya saketi mbili, yaani inayoweza kubeba seti mbili za nyaya, na kufunga nyaya za moja. Ya pili itafungwa mzigo ukifika, bila kurudi kwa wenye mashamba kuomba ardhi upya.