Lumumba mara mbili: Raoul Peck kati ya makala na filamu ya hadithi

Habari za jioni, ndugu zangu. Karibuni mbele, viti vipo.

Leo tunamzungumzia mwongozaji aliyetengeneza filamu mbili kuhusu mtu yuleyule na kifo kilekile, na ukizitazama usiku mmoja unaweza kudhani ni kazi za watu wawili wasiojuana. Mwongozaji ni Raoul Peck, mzaliwa wa Port-au-Prince, Haiti, mwaka 1953. Mtu ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Filamu ya kwanza ni makala, yaani filamu ya watu na matukio halisi, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, yenye urefu wa dakika 69 hivi. Ya pili, ya mwaka 2000, ni filamu ya hadithi yenye waigizaji, karibu saa mbili.

Wanaoanza kazi hii hupenda kuuliza, "Niifanye makala au niiigize?" Wanauliza kana kwamba ni suala la ladha, kama kuchagua rangi ya kanga. Kwa Peck jambo hili huamuliwa na hesabu ya mezani: una picha gani mkononi, umenyimwa zipi, na nani anakutoza. Shikeni hilo, maana yote nitakayosema leo yanarudi hapo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema makala ni ngazi ya kupandia kwenda filamu ya hadithi. Filamu ndefu ya kwanza ya Peck ilikuwa ya hadithi, Haitian Corner, akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha filamu cha Berlin. Kabla ya hapo familia yake ilikuwa imehamia Kongo mwaka 1961. Baba yake, mtaalamu wa kilimo, alikuwa mmoja wa Wahaiti wasomi walioitwa kujaza nafasi za Wabelgiji walioondoka, na mama yake akapata kazi ya ukatibu kwenye ofisi ya meya wa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kwa hiyo alipomgeukia Lumumba, hakwenda kutafuta mada ya mbali.

Sasa makala yenyewe. Peck alitaka kwenda kupiga picha Zaire, jina la Kongo wakati huo. Mobutu alikuwa bado madarakani, na safari ikavunjika baada ya ishara kwamba usalama wa taifa unamsubiri. Wengi wangeufunga mradi pale. Yeye alipeleka kamera Brussels: barabara za majira ya baridi, uwanja wa ndege, wapita njia wasiojua wamepita juu ya historia ya nani. Juu ya picha hizo aliweka sauti yake na masimulizi aliyosikia kwa mama. Marehemu anatafutwa kwenye mji wa waliomtawala. Kama angefika Zaire, huenda tungepata makala ya kawaida tu, ya mahojiano na majengo.

Tatizo la pili lilikuwa bei. Ndani ya filamu yenyewe Peck anaitaja: hifadhi moja ya habari za sinema ya Uingereza ilidai dola 3,000 kwa dakika. Pigeni hesabu. Dakika 12 za picha za kumbukumbu ni dola 36,000, na hujamlipa mhariri hata senti. Hapa ndipo makala nyingi za Afrika Mashariki huzama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Leseni ya picha za kumbukumbu ina mambo manne, nayo yote yana bei: urefu, nchi zitakakoonyeshwa, njia ya kuonyesha, na miaka. Hifadhi nyingi zina kima cha chini, kwa hiyo unaweza kutumia sekunde 8 ukatozwa 30 au dakika nzima. Kosa linalowaua watu ni kununua haki za tamasha peke yake kwa sababu ni nafuu. Kituo cha televisheni kinapojitokeza mwaka unaofuata, unarudi kununua upya, na safari hii muuzaji anajua huna pa kukimbilia. Afadhali uombe bei zote mbili siku ya kwanza, ziandikwe kwenye barua moja, na ya pili uilipe tu ukiihitaji.

Uhariri ufanyike kwa nakala za kutazamia, zile zenye nembo ya hifadhi na namba za muda juu ya picha. Kila kipande kiandikwe kwenye jedwali: kimetoka wapi, kinaanzia namba gani, kinaishia ipi, ni sekunde ngapi. Usipofanya hivyo, mwishoni utakuwa na vipande 60 na hujui nusu yake ni vya nani. Na tafadhali, msikuze picha ya zamani ya umbo la nne kwa tatu ili ijaze kioo kipana cha leo. Unakata robo ya kimo chake, na mara nyingi kinachokatwa ni paji la uso wa msemaji. Acheni weusi pembeni, haumuumi mtu.

Basi kwa nini alirudi kwa Lumumba karibu miaka kumi baadaye, na waigizaji? Kwa sababu usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Lumumba na wenzake wawili walipouawa kule Katanga, hapakuwa na kamera. Hakuna hifadhi ya kuuza dakika zile, hata ukiwa na pesa. Chumba cha mateso, ndege, pori, na Wabelgiji wawili waliotumwa baadaye kuifukua miili na kuiangamiza: hayo yanaonekana tu yakiigizwa, na filamu ya 2000 inaanzia karibu na hapohapo, kwenye miili. Mwaka 1999 kitabu cha mtafiti Mbelgiji Ludo De Witte kuhusu mauaji hayo kilikuwa kimeweka nyaraka hadharani, na bunge la Ubelgiji likaunda tume. Ushahidi ulikuwepo, picha ndizo hazikuwepo. Hiyo ndiyo hali inayomdai mwigizaji, naye alipatikana: Eriq Ebouaney.

Mobutu alikuwa ameondoka mwaka 1997, lakini Kongo ikaingia vitani tena 1998. Filamu ikapigwa Zimbabwe na Beira, Msumbiji. Beira ina majengo ya Kireno ambayo jicho la haraka linayakubali kuwa ya Kibelgiji. Lakini angalieni barabara. Zimbabwe na Msumbiji magari hupita kushoto, Kongo kulia. Kila gari linalokaribia kamera lazima usukani wake uwe kushoto, na mtaa ufungwe ili msafara upite upande wa Kongo. Hili linawahusu ninyi moja kwa moja: mkipiga hadithi ya Bukavu mkiwa Mwanza, au ya Kigali mkiwa Nairobi, mtakutana nalo asubuhi ya kwanza. Kuna wanaosema, "Tutaigeuza picha kwenye kompyuta." Igeuze, uone mabango yanavyosomeka kinyumenyume, na vifungo vya shati la mwigizaji vikihamia upande wa pili.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama. ... Swali ni kama kuigiza kunakukinga na kesi. Hapana. Filamu hiyo ilipofika kwenye televisheni ya Marekani, jina la mwanadiplomasia mmoja lilizibwa kwa mlio baada ya mawakili wake kutoa vitisho. Kinga ni nakala ya muswada yenye maelezo pembeni: kila tukio na kila sentensi iliyowekwa kinywani mwa mtu halisi, andika imetoka kwenye hati gani, ukurasa gani, au kwamba umeitunga. Kampuni za bima ya filamu huidai. Iandikeni mkiwa mnaandika muswada, maana kuitengeneza baada ya filamu kuisha ni kazi ya miezi.

Nipite haraka kidogo. Peck alikuwa Waziri wa Utamaduni wa Haiti 1996 hadi 1997, na baadaye, kuanzia 2010, akaongoza bodi ya chuo cha filamu cha Ufaransa, La Fémis. Mwaka 2005 ikatoka Sometimes in April, hadithi ya ndugu wawili wa Rwanda, mmoja mwanajeshi, mwingine mtangazaji wa redio iliyochochea mauaji, na sehemu yake inatukia Arusha, kwenye mahakama tunayoijua, ile ya kimataifa ya kesi za mauaji ya Rwanda. Ilipigwa Rwanda kwenyewe. Kazi ya namna hiyo inahitaji washauri wa kisaikolojia eneo la kazi, na inahitaji wakazi waambiwe mapema, nyumba kwa nyumba na redioni, siku na saa ya milio ya bunduki. Udhaifu wake ni Kiingereza. Wanyarwanda wanaambiana siri za kifo kwa lugha ya mtaji wa filamu. Ninaielewa sababu, ila sikio langu halijaizoea.

Mwaka 2016 akarudi kwenye makala na I Am Not Your Negro. Malighafi: kurasa kama 30 za kitabu ambacho James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi, hakukimaliza, alizokabidhiwa na dada wa mwandishi. Maneno ya msimulizi yote ni ya Baldwin, yakisomwa na Samuel L. Jackson. Kazi ya aina hii huanza na maandishi: panga aya, jirekodi mwenyewe ukizisoma, hariri picha juu ya sauti hiyo ya muda, ndipo umwite msomaji mwenye jina. Kwa Kiswahili hesabuni maneno 110 hivi kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu. Ukizidisha, picha hazipati nafasi ya kupumua.

Ya 2024 ni kuhusu Ernest Cole, mpigapicha wa Afrika Kusini, ambaye negativu zake takriban 60,000 zilijitokeza kwenye benki ya Sweden mwaka 2017. Wenye albamu za babu wasikilize hapa. Negativu ya milimita 35 ina upana wa milimita 36. Ukiiskani kwa nukta 4,000 kwa inchi unapata pikseli 5,600 na ushee kwa upana. Kwenye filamu ya pikseli 1,920 unaweza kuisogelea karibu mara tatu. Kwenye ya 3,840, mara moja na nusu tu, ukizidi uso unageuka ukungu. Kwa hiyo amueni ukubwa wa filamu kabla ya kuskani, si baada.

Sasa kijana wa taa, zima. Tunaanza na makala ile ya Brussels, halafu dakika kumi za kwanza za filamu ya 2000. Mwangalie magari.