Fuateni kontena, si treni

Assalamu alaikum, wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema.

Nimeitwa Malindi kuzungumzia picha za treni za mizigo, na najua mnachojiuliza: huyu kapotea njia? Hapa hakuna reli. Chumvi ya Gongoni na Marereni hutoka kwa lori, na ile reli ya Lamu hadi Isiolo iliyomo kwenye LAPSSET, ule mpango wa bandari ya Lamu na njia zake za kwenda bara, haijatandikwa. Lakini kaunti hii yetu ni kubwa kuliko tunavyoikumbuka. Mazeras na Mariakani ni Kilifi, na pande hizo zina reli mbili: ile ya zamani yenye upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901, na SGR, ile mpya, yenye upana wa milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria 2017 na makontena mwanzoni mwa 2018. Ukishika barabara ya Kaloleni kutoka Kilifi mjini, unatokea Mariakani bila hata kuiona Mombasa.

Sasa, wapiga picha wengi wanataka uso wa treni. Kichwa kinakuja, taa zinawaka, mtu anabonyeza. Ni picha tamu, siikatai. Ila haikwambii kitu. Kichwa kilekile leo kinapanda bara, kesho kinashuka pwani na mzigo mwingine kabisa. Habari za safari zimeandikwa ubavuni, kwenye makontena, na huko ndiko ninakotaka muelekeze lenzi.

Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, ya nne kwa kawaida ni U. MSCU ni kampuni ya meli ya MSC, MSKU ni Maersk, CMAU ni CMA CGM. Jihadharini kidogo hapo: makontena mengi ni ya kampuni za kukodisha, kwa hiyo mwenye mali si lazima awe ndiye mwenye meli. Chini yake kuna alama ya aina: 22G1 ni la futi 20 la kawaida, 45G1 ni la futi 40 lililo refu kwenda juu, 45R1 ni refu kama hilo lakini la baridi.

Tarakimu ya mwisho, ile iliyozungushiwa kisanduku, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Imetokana na hesabu. Kila herufi ina thamani yake, A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea hivyo, ukiruka kila namba inayogawanyika kwa 11. Ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaongeza maradufu hadi alama ya kumi, herufi na tarakimu pamoja. Jumlisha, gawanya kwa 11, kinachobaki ndiyo tarakimu ya kisanduku. Ikibaki 10 huandikwa 0. Jaribuni nyumbani na CSQU 305438: jumla ni 6,185, inabaki 3. Faida yake? Tarakimu moja ikifichwa na kutu au ikitoka na ukungu pichani, karibu kila mara mnaweza kuirudisha kwa hesabu. Vijana wa Fomu Three, hii ndiyo hisabati mliyoniuliza ina kazi gani.

Kupata namba isiyo na ukungu si rahisi. Treni ya mizigo ikienda kilomita 80 kwa saa inasogea mita 22 kila sekunde. Kwa shata ya 1/1000, yaani kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, imeshasogea sentimita mbili na ushei. Kwa 1/250, karibu tisa, na hapo 3 na 8 hazitofautiani tena. Treni kamili ya SGR ina mabehewa 54, makontena 108 ya futi 20, kwa hiyo mwenye simu achukue video, kisha aisimamishe kipande kwa kipande.

Jua nalo lina upande. Reli inapanda kuelekea kaskazini-magharibi, basi asubuhi simameni upande wa kaskazini-mashariki, alasiri mhamie ng'ambo. Na sisi wa pwani tuna bahati ya kulikumbuka hili: jua la mchana hukaa upande upepo unakokwenda, si unakotoka. Wakati wa kusi liko kaskazini, wakati wa kaskazi liko kusini. Saa sita yenyewe kaleni wali.

Njia hujulikanaje? Mkiwa na namba, iandikeni kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Mara nyingi mtaona lilipakiwa wapi na lilibadilisha meli wapi, pengine Salalah kule Omani, kabla ya kushuka Kilindini. Hiyo ni nusu ya bahari. Nusu ya nchi kavu inataka watu wawili. Mmoja Mariakani, mwenzake Mai Mahiu. Namba ileile ikionekana Mai Mahiu, haikuishia Embakasi, kwenye kituo cha makontena cha Nairobi. Imepita Nairobi kuelekea bandari kavu ya Naivasha, na huenda ni mzigo wa Uganda. Huko treni yenu inakufa. Magurudumu ya SGR hayawezi kukanyaga reli ya mita moja, kwa hiyo winchi hulinyanyua kontena na kuliweka kwenye behewa jingine, au kwenye lori, liende Malaba. Aliyekuwa akifuata treni amepoteza kila kitu. Aliyefuata kontena bado yuko safarini.

Tazameni na springi za behewa. Zikibanwa, kuna mzigo. Zikiachama, kontena ni tupu. Zinazoshuka pwani mtazikuta zimeachama mara nyingi, maana nchi hii inaingiza vingi kuliko inavyotoa.

Kuna karatasi hapa inauliza: askari akinikuta? Stesheni na bandari zinalindwa, ombeni ruhusa kabla ya kutoa kamera. Uzio wa SGR hauruki mtu, na madaraja ya barabara yapo. Paa la kontena nalo limeandikwa namba. Na picha yenye namba isipelekwe mtandaoni siku ileile, kwani wezi nao wanajua kusoma.

Mama pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja Salalah. Tuanze naye.