Ng'ombe Watatu wa Tarehe 13 Julai: Maji, Malisho na Mpaka katika Kijiji cha Isaba

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kijiji cha Wabaski, watu wenye lugha yao wenyewe mpakani mwa Hispania na Ufaransa, huko milimani, mandhari yake, majina ya mahali na historia yake. Wanaonifahamu wanajua nitaelekea wapi: kwenye maji ya mifugo. Basi tusipoteze muda.

Kijiji chenyewe ni Isaba, katika bonde la Roncal, pembe ya kaskazini mashariki ya Navarra, upande wa Hispania wa milima ya Pirenei. Kiko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Nyumba ni za mawe, zimebanana, na mapaa yake yameinama sana ili theluji iteleze badala ya kulundikana. Vijito vya Belagua na Uztárroz vinakutana hapo na kuwa mto Esca. Bonde zima lina vijiji saba tu, na tangu zama za kati vimekuwa na ardhi ya pamoja: misitu na malisho ya juu ni ya bonde, si ya mtu.

Sasa pandeni nami kutoka Belagua kuelekea Ufaransa. Mnaacha nyasi, mnaingia Larra. Larra ni uwanda wa mawe ya chokaa yaliyopasukapasuka, mpasuko juu ya mpasuko, na misonobari myeusi iliyojipenyeza humo na kupinda kwa upepo. Mtu akiitazama kwenye picha anasema hii ni jangwa. Hapana. Mvua ni nyingi na theluji hulala miezi. Kinachokula maji ni mwamba. Tone likianguka Larra linazama papo hapo, halirudi tena juu upande huo.

Linakwenda wapi? Mwaka 1950 Georges Lépineux aligundua tundu la shimo karibu kabisa na mpaka. Kina chake wima ni zaidi ya mita 300. Mwaka 1952 mtafiti wa mapango, Marcel Loubens, aliteremshwa humo kwa winchi, na wakati wa kumpandisha kishikizo cha waya kikaachia. Alifia chini, na mwili wake haukutolewa hadi 1954. Wenzake waliorudi mwaka 1953 walifuata mto wa chini ya ardhi hadi ukumbi mkubwa mno wa mwamba unaoitwa La Verna, na huo uko upande wa Ufaransa, chini ya ardhi ya Sainte-Engrâce. Kwa hiyo mvua inanyesha Navarra, mlima unaimeza, na maji yanatokea Ufaransa. Mfugaji aliye juu na kondoo wake mwezi wa Julai anasikia kiu juu ya mto asioweza kuufikia.

Mkilielewa hilo, mtaelewa kwa nini chemchemi moja huko juu iliua watu.

Simulizi za bondeni zinasema hivi. Mwaka 1373 mchungaji wa Isaba, Pedro Carrica, alikutana kwenye maji na mchungaji wa bonde la Barétous, Pierre Sansoler. Barétous ni bonde la upande wa kaskazini, nchi ya Béarn. Kila mmoja alisema mifugo yake inywe kwanza. Sansoler akauawa. Ndugu zake wakashuka Belagua kutafuta kisasi na wakamkuta mke wa Carrica, mjamzito, wakamuua. Isaba nao wakapanda na kushuka upande wa pili. Mnajua inavyokwenda baada ya hapo, sina haja ya kuwahesabia maiti. Kilichoanza na mifugo miwili kwenye birika moja kikawa vita ya mabonde mawili.

Na wakubwa wa nchi walikuwapo. Navarra ilikuwa na mfalme wake, Carlos II. Béarn ilikuwa chini ya Gaston Fébus. Walikuwa mashemeji: Gaston alimwoa dada yake Carlos, kisha akamfukuza. Hao ndio mngewategemea wapatanishe wachungaji?

Waliopatanisha ni majirani. Mashariki ya Roncal kuna bonde la Ansó, lililokuwa la ufalme wa Aragon, yaani lilikuwa nje ya ugomvi. Watu sita wa Ansó, wao wenyewe wakiishi kwa mifugo, wakakaa kama wasuluhishi, na tarehe 16 Oktoba 1375 wakatoa hukumu. Angalieni lugha zilizokuwa kwenye baraza hilo: Roncal walisema Kibaski, Barétous Kigaskoni, Ansó Kiaragon. Walielewana.

Hukumu yenyewe nataka muisikilize vizuri, kwa sababu watu huipita haraka wakakimbilia sherehe. Wasuluhishi hawakusema chemchemi ni ya nani halafu wakaenda nyumbani. Waligawa muda. Mifugo ya Barétous ingekuwa na haki ya maji na malisho ya upande wa kusini kwa siku 28 za kiangazi, kisha zamu inahamia kwa Roncal. Na kila mwaka Barétous wangetoa ng'ombe watatu: mitamba wa miaka miwili, wenye meno sawa, rangi sawa na pembe sawa, wasio na kasoro. Wangewaleta kwenye jiwe la mpaka mlimani, mbele ya watu.

Kwa nini meno, rangi na pembe? Kwa sababu walioandika walikuwa wafugaji na walijua mfugaji mwenzao akiambiwa atoe ng'ombe watatu ataleta mmoja mzuri na wawili wa kufia njiani. Mwanya huo waliuziba kwa mstari mmoja. Mimi nimesoma mikataba ya ardhi yenye kurasa nyingi isiyo na mstari mmoja wenye akili kama huo.

Na inafanyika hadi leo. Kila tarehe 13 Julai, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,760, kwenye jiwe namba 262 kati ya mawe 602 yanayoonyesha mpaka wa Hispania na Ufaransa. Meya wa Isaba ndiye anayeongoza. Amevaa vazi la bonde: kofia nyeusi, joho fupi jeusi, kola nyeupe pana. Mameya wa Barétous wamevaa suti na mkanda wa rangi tatu za Ufaransa begani. Kila upande unabaki kwenye ardhi yake, jiwe liko katikati. Meya wa Isaba anawauliza kama wako tayari kulipa ng'ombe watatu kama miaka iliyopita. Wanajibu ndiyo. Anauliza tena. Ndiyo. Mara ya tatu. Ndiyo. Kisha Mfaransa anaweka kiganja juu ya jiwe, wa Roncal anaweka chake juu yake, Mfaransa mwingine juu ya huo, wanapandanisha viganja hivyo, na wa mwisho kabisa ni meya wa Isaba. Anatamka "Pax avant" mara tatu, amani iendelee mbele, na wote wanaitikia. Daktari wa mifugo anakagua ng'ombe. Wanaapishwa walinzi wa malisho. Ndipo wanakula.

Najua kuna anayesema moyoni: mzee, hayo ni maigizo ya watalii. Nimelisikia hilo kila ninapozungumza na limenichosha. Watalii wapo, ndiyo, barabara inajaa magari. Lakini serikali za Hispania na Ufaransa zilipokaa Bayonne mwaka 1856 kuchora mpaka huu, zilifuta maridhiano mengi ya malisho ya mabonde na kuyaruhusu kwa muda mfupi tu. Mawili yaliachwa yawe ya kudumu, na moja ni hili la Barétous na Roncal. Limo ndani ya mkataba wa mataifa mawili. Wanadiplomasia wale hawakuwa wakitunza ngoma ya kijiji. Walijua ukiliondoa, mwaka unaofuata damu itarudi kwenye maji.

Mwingine atasema: basi Barétous ni walioshindwa, wanalipa kodi ya aibu kwa miaka mia sita. Wapo hata Béarn waliolionea haya jambo hili. Piga hesabu. Ng'ombe watatu kwa mwaka, na bonde zima linapata maji na nyasi za upande wa kusini bila mchungaji kulala na mkuki. Ningekuwa mimi ni wa Barétous ningewaleta hao ng'ombe nikiimba. Na Roncal nao wanapata nini zaidi ya nyama? Kila mwaka jirani anakiri kwa kinywa chake, mara tatu, mbele ya mashahidi, kwamba ardhi ile ina mwenyewe. Hati ya kabatini haikiri kitu.

Hapo ndipo ninapotaka mkae nami. Ugomvi wa malisho hauishi kwa kupigilia bikoni. Bikoni inamwambia mfugaji asipite. Haimwambii ng'ombe atakunywa wapi. Kiangazi kikija atapita, maana ng'ombe hasomi bikoni. Kilichoweka amani Isaba ni vitu vinne vilivyo pamoja: zamu yenye tarehe, malipo ambayo hata mtoto anaweza kuyahesabu, wasuluhishi waliokaa karibu na tatizo, na kukutana ana kwa ana kila mwaka palepale mlimani, ili kijana aliyezaliwa baada ya mapatano naye ayasikie kwa masikio yake. Ukitoa hicho cha mwisho, kizazi cha pili kinasema sisi hatukusaini.

Wenyewe Roncal wanajua upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu nao ni wageni mahali pengine. Theluji ikikaribia, kondoo wao huteremshwa zaidi ya kilomita 100 kwenda nyanda kavu za Bardenas, kusini mwa Navarra, na lango la malisho hufunguliwa tarehe 18 Septemba. Huko wanagawana na miji mingine na monasteri ya La Oliva. Anayewakaribisha watu Julai anakaribishwa na watu Septemba.

Muda umekwenda, na majina ya mahali sijayagusa. Nitayagusa kwa kifupi, ingawa hayastahili ufupi. Mwaka 1375 hapakuwa na ramani ya milima ile. Mipaka ya zamu ilishikwa na majina: mlima fulani, kijito fulani, chemchemi fulani. Belagua, Mintxate, Ezkaurre, Lakartxela, Larra. Asiyejua majina hawezi kujua haki yake inaishia wapi. Majina hayo ya Kibaski bado yanatumika, lakini lahaja iliyoyazaa imekufa. Mzungumzaji wa mwisho wa Kibaski cha Roncal, Fidela Bernat wa Uztárroz, alifariki mwaka 1991. Kibaski kinachofundishwa leo ni kile sanifu kilichowekwa misingi yake 1968. Ni kizuri kuwa nacho, lakini mchungaji wa Isaba wa zamani angekisikia kama lugha ya mgeni. Wenye wazee wenu wanaojua majina ya visima na mabonde, yaandikeni mwaka huu.

Nilikuwa nizungumzie pia wasichana wa bonde hili walioitwa mbayuwayu, waliovuka milima kwa miguu kila vuli kwenda kushona viatu vya kamba huko Mauléon, upande wa Ufaransa, na kurudi majira ya kuchipua. Hao wanahitaji jioni yao.

Na magogo, yaliyofungwa yakawa vyelezo na kuteremshwa kwenye mto Esca hadi Ebro. Kazi hiyo ilikoma katika karne iliyopita, na bwawa la Yesa lililokamilika 1959 likaufunga mto Aragon, ambao Esca huingia humo. Bwawa hilohilo ndilo lililowaondoa watu wa Tiermas, Ruesta na Escó kwenye mashamba yao. Wao hawakupata wasuluhishi sita wa kutoka bonde la jirani. Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali yaanzie nyuma.