Kula Paris Bila Kuvunja Kibubu

BARAKA: Wasikilizaji wetu, hamjambo. Dada Zuhura karudi kutoka Paris, na tangu atue hana habari nyingine ila chakula. Haya, dada, tupe.

ZUHURA: Kaka, nimeupata mgahawa wenyewe! Bouillon Chartier, barabara ya Faubourg Montmartre. Unapita kichochoro, unasukuma mlango, unakuta ukumbi mkubwa, vioo kila ukuta, taa za duara, juu paa la kioo. Nikajua nimepotea, hapa ni pa wenye nazo.

BARAKA: Ukakimbilia bei.

ZUHURA: Kitu cha kwanza! Yai la kuchemsha na mayonezi halikufika hata euro 3. Mkate bure. Maji ya bomba bure pia, ila uyataje hivi: une carafe d'eau, yaani jagi la maji. Ukisema maji tu, unaweza kuletewa ya chupa ukayalipia.

BARAKA: Na hiyo bouillon, si ni supu?

ZUHURA: Ndiyo supu! Miaka ya 1850 alikuwepo muuza nyama mmoja, Duval, karibu na soko la Les Halles. Steki wakichukua wenye uwezo, yeye kile kilichobaki anakitia sufuriani, anawauzia watu wa sokoni supu na nyama kwa bei yao.

BARAKA: Mbona hiyo ni supu ya Kariakoo kabisa! Saa moja asubuhi, chapati mbili, ndimu na pilipili.

ZUHURA: Ile ile, wao kwa mkate. Wengine wakaiga, mji ukajaa migahawa ya jina hilo hilo, bouillon. Kina Chartier, ndugu wawili, wakafungua ya kwao 1896, na watu bado wanakula humo.

BARAKA: Sasa mimi nauliza kama mfanyabiashara. Katikati ya Paris, bei inashukaje?

ZUHURA: Kwa wingi wa watu. Huweki nafasi, unapanga foleni. Mkiwa wawili mnakalishwa na wawili msiowajua, kiti hakilali. Na jikoni hakuna mbwembwe: karoti za kukwaruza, liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, kwa siki, nyama ngumu iliyokaa motoni mpaka ikasalimu amri. Ile subira ndiyo unayoila.

BARAKA: Na sisi tusiokula kila kitu?

ZUHURA: Uliza mapema. Choucroute ni kabichi chachu na nyama ya nguruwe, na bœuf bourguignon inapikwa kwa divai. Mimi nilikula yai, liki, kisha samaki, nikashiba. Halafu pembeni yangu alikaa mzee mmoja. Kaniona nasukuma sosi kwa uma, akachukua mkate wake, akapangusa sahani taratibu, akanitazama: fanya hivi. Basi, tukawa wenyeji.

BARAKA: Na wahudumu? Tunasikia mengi.

ZUHURA: Anza na bonjour. Kwao kuagiza bila salamu ni kumvunjia mtu heshima, kama huku tu. Wamevaa vizibao vyeusi na aproni nyeupe ndefu, wanatembea kama wanakimbia. Ulichoagiza wanakiandika kwenye karatasi iliyotandikwa mezani, na hesabu wanaijumlisha hapo hapo mbele ya macho yako. Huduma imo kwenye bei, ukitaka kuacha sarafu ni hiari yako. Fikeni wanapofungua, saa tano na nusu asubuhi, foleni haijawa ndefu.

BARAKA: Kitu gani hakikutoki kichwani?

ZUHURA: Kabati. Kuna makabati ya mbao yenye vidroo, kila kimoja na namba. Zamani mteja wa kila siku aliweka humo kitambaa chake cha kufutia mdomo, kesho akija anakikuta. Mtu wa mshahara mdogo, kaka, mlo wake ni supu, na ana droo yake.

BARAKA: Yenye namba yake.

ZUHURA: Nilisimama pale mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.