Gharama Isiyoonekana Ndani ya King'amuzi

Ndugu wasikilizaji, tazameni hiki king'amuzi nilichokishika. Nimekwisha kukifungua. Ndani mna sakiti moja, chipu chache, na kijibati kilichofunika sehemu inayonasa mawimbi. Vitu hivi vina bei, na bei hiyo hushuka kadiri viwanda vinavyoizoea kazi. Ila kuna gharama moja ambayo hutaiona hata kwa kioo cha kukuzia, nayo ni mrabaha wa hataza, yaani malipo kwa mwenye haki ya kisheria juu ya uvumbuzi.

Tuitazame Marekani. Mwaka 1996 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano iliidhinisha kiwango cha ATSC, yaani kanuni za kiufundi za kurusha na kupokea televisheni ya dijitali, kisha ikaamuru televisheni mpya ziwe na kinasa mawimbi cha dijitali. Kufikia Machi 2007 amri ilizigusa hata zile ndogo kabisa. Kwa kawaida teknolojia ikiwa ghali, mtengenezaji hutafuta nyingine. Hapa atafute wapi, na sheria imetaja hiyo hiyo moja? Tume ilitaka leseni zitolewe kwa masharti ya haki, lakini haikutaja kiasi.

Kampuni ya kusimamia leseni, MPEG LA, ilikusanya hataza za kampuni nyingi kapu moja. Leseni ya ATSC ilikuwa dola 5 kwa kila kipokezi. Ile ya MPEG-2, ya kubana picha, ilianza kwa dola 4 ikashushwa hadi dola 2.50 mwaka 2002. Jumla dola 7.50, na waliobaki nje ya kapu walikuja kudai chao.

Kwa televisheni ya dola 1,000, hizo ni chembe. Kwa king'amuzi cha dola 50, ni asilimia 15! Na king'amuzi alikinunua nani? Yule mwenye televisheni ya zamani, asiyemudu mpya. Hilo ndilo linaloniuma: ada ni ileile kwa wote, lakini mzigo wake ni mzito kwa mnyonge.

Tena haifiki dukani kama ilivyotoka kiwandani. Tuseme msambazaji anaongeza asilimia 20, mwenye duka asilimia 25. Zile 7.50 zinakuwa 9, kisha 11.25.

Serikali ilitoa kuponi za dola 40, mbili kwa kila kaya, kuwapunguzia watu makali. Ni jambo jema, lakini sehemu ya fedha hizo za umma iliishia kwa wenye hataza. Wavumbuzi walipwe, sibishi. Ila bei yao ijulikane kabla sheria haijamlazimisha mtu kununua.

Ukiangalia ATSC 3.0, toleo jipya la kiwango hicho, ambalo ni la hiari, utaona tofauti. Mwaka 2023 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) huko Texas liliamua LG ilipe dola 6.75 kwa kila televisheni iliyotumia hataza za kampuni ya Constellation Designs. LG, ambayo kupitia kampuni yake tanzu Zenith yenyewe ilimiliki hataza za ATSC ya kwanza, ikakiondoa kipokezi cha ATSC 3.0 kwenye televisheni zake za mwaka 2024. Safari hii iliweza kukataa.