Gogo Kabla ya Kinyago: Mhadhara Kuhusu Sanaa na Mazingira

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wasanii na wanafunzi mliohudhuria,

Inapotajwa mada ya sanaa na mazingira, mawazo ya wengi wetu hukimbilia kwenye michoro ya fukwe zilizojaa taka, mabango ya kuhimiza upandaji miti na nyimbo za maadhimisho. Sizibezi kazi hizo, ingawa nyingine husahaulika kabla rangi haijakauka. Leo nitaanzia kwenye mali ghafi, kwa kuwa naamini kwamba msanii huchukua msimamo kuhusu mazingira pale anapochagua gogo, hata kabla hajaamua atachonga nini.

Tuuangalie mpingo, ambao wanasayansi huuita Dalbergia melanoxylon. Mti huu huhitaji takriban miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Katika misitu ya miombo, moto wa kiangazi huunguza miche yake, ikachipua tena kutoka mizizini, ikaungua tena, hata ikapita miaka mingi kabla mmoja haujarefuka kiasi cha kuuhimili. Shina lake mara nyingi limepinda, lina mifereji, na pengine limeoza ndani. Kwa hiyo, watengenezaji wa klarineti na oboe, ala za muziki za kupuliza, wanaotaka vipande vilivyonyooka visivyo na ufa, hutupa sehemu kubwa ya kila gogo wanalopasua. Mchongaji wa Kimakonde hutumia hata kile wanachokitupa. Ukisimama kando ya fundi pale Mwenge, Dar es Salaam, utamwona akiligeuzageuza gogo kwa muda mrefu kabla ya kushika tezo, akitafuta mahali ambapo kombo litakuwa mgongo wa shetani, yaani sanamu ya pepo, tundu litakuwa kinywa, na ile sehemu nyeupe inayozunguka kiini cheusi itaachwa iwe kilemba. Huo ni uwekevu wa mali ghafi ambao hakuna semina iliyomfundisha.

Hata hivyo, tusidhani kwamba Mmakonde na mpingo ni kitu kimoja tangu zamani. Kinyago cha mapiko, kinachovaliwa kichwani katika ngoma za jando na unyago, kilichongwa kwa mti mwepesi, kwani mchezaji angewezaje kuruka na mzigo wa mpingo kichwani, mti ambao ukiutia majini unazama? Mpingo ulipata nafasi yake ya sasa katikati ya karne ya 20, wakati wachongaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wengi wao wakifuata kazi katika mashamba ya mkonge, walipokutana na wafanyabiashara wa mjini ambao wateja wao wa kigeni walipenda weusi na uzito wake. Mitindo ya shetani na ujamaa, yaani nguzo ya watu waliobebana, ilikua ndani ya soko hilo. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodai kwamba kumwomba mchongaji abadili mti ni kumvua utamaduni wake.

Nchini Kenya, wachongaji wa Kikamba walikwisha kulikabili jambo hili. Mti wa muhugu walioutegemea ulipozidi kuadimika, watafiti na vyama vya wachongaji walianza, kuanzia miaka ya 1990, kuhimiza mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayopatikana mashambani na inayokua haraka. Haikuwa rahisi, kwa maana mti ukichongwa ukiwa mbichi hupasuka, na kuukausha kunataka muda na mtaji, ilhali mchongaji anahitaji fedha ya chakula jioni ileile. Tena mtalii anataka cheusi, ndiyo maana kiwi ya viatu imekuwa kifaa cha kazi katika vibanda vingi.

Kwa upande wetu Tanzania, Sheria ya Misitu ya 2002 iliviwezesha vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao, na mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, kwa misitu yao yenye mpingo. Kijiji kinachouza magogo yake kwa bei halali kina sababu ya kuulinda msitu dhidi ya moto na wavunaji haramu. Ugumu upo kwa mchongaji, ambaye hununua kipande kimojakimoja na hawezi kushindana na kiwanda katika kununua magogo yenye vibali.

Kanuni za kimataifa nazo zina mizani yake. Mwaka 2017 mpingo uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, yaani orodha ya spishi zinazohitaji kibali kuuzwa nje. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye udhibiti huo bila kikomo cha uzito, wakati bidhaa nyingine zilizokamilika, vinyago vikiwamo, zilisamehewa kibali hadi kilo 10 tu za mti huo kwa kila shehena. Nguzo moja ya ujamaa yenye urefu wa mtu huweza kuupita uzito huo. Klarineti elfu moja hazina kizuizi hicho.

Kwa hiyo, ninapendekeza mambo mawili kwa vyuo na kumbi zetu za maonyesho. Kwanza, kibandiko cha kila kinyago kitaje aina ya mti na msitu au shamba ulikotoka, kama kinavyotaja jina la msanii. Pili, vyama vya wachongaji vinunue magogo kwa pamoja moja kwa moja kutoka vijijini, vikiwa na ghala la kukaushia, ili gharama ya kuhifadhi msitu isibebwe na mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote katika biashara hii.