Pindo la Kanga na Gitaa la Rizimu

BEKA: Haya wapendwa karibuni tena, leo tuna mada ya darasani ila hatutaki iwe darasa, elementi za muziki na kanuni za sanaa ya uchoraji. Na Zuhura kaja na doti zima la kanga kalitandaza mezani hapa, hata waya za maiki hazionekani.

ZUHURA: Si ndo mchoro wenyewe huo Beka! Watu ukiwaambia sanaa wanawaza fremu ukutani, wakati hapa kila kanuni ipo. Ona pindo, linazunguka pande zote nne, korosho, kidoa, korosho, kidoa, mpaka linakutana tena. Hayo ni marudio. Halafu mji hapo kati, na jina kwa chini.

BEKA: Mi hilo pindo nalisikia. Serious. Chukua bendi za dansi, chukua Mlimani Park, Sikinde hao, wameanza 1978. Kuna gitaa la solo, kuna second solo, kuna la rizimu, kuna besi. Jamaa wa rizimu ana kipande kifupi tu anakizungusha, kinazunguka kinazunguka, hamna anayemshangilia, ila akiacha kupiga hapo hapo solo inabaki inaelea haina pa kukanyaga.

ZUHURA: Ila kurudia peke yake kunalaza mtu usingizi.

BEKA: Kweli, ndo maana kuna chemko. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anahadithia mkasa wake wa ndoa, dakika kadhaa hapo, mara magitaa yanabadilika, ngoma zinapanda, watu waliokuwa wamekaa wanaacha bia zao wanaenda kucheza. Kama ingekuwa chemko tangu mwanzo wala usingejua kama ni chemko.

ZUHURA: Kontrasti hiyo. Kwenye kanga nenda kwa kisutu, ile anayovaa bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Rangi tatu tu lakini bi harusi unamwona toka mwisho wa mtaa, kwa sababu nyeusi na nyeupe zinagombana na nyekundu inawaamulia.

BEKA: Haha, inawaamulia! Na Tingatinga je?

ZUHURA: Hapo ndo napapenda. Edward Saidi Tingatinga kaanza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 60, kwenye hadibodi, na rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli, akafariki 1972, kwa hiyo ni miaka michache tu aliyochora. Sasa angalia mpangilio wake, mnyama mmoja kajaa ubao mzima, nyuma rangi moja tu, hamna milima hamna mawingu. Watu wanasema aa, rahisi hiyo. Jaribu! Ukishaondoa kila kitu nyuma, mstari wa mgongo ukikosea milimita kila mtu anaona.

BEKA: Nyuma pale ni kama pumziko kwenye muziki bana. Mpiga besi mzuri anaacha noti nyingine makusudi, na hilo pumziko analihesabu vilevile kama sauti, lina urefu wake. Mapro wa siku hizi wanajaza kila sekunde mpaka masikio yanachoka.

ZUHURA: Na madoa ya chui, mchoraji akiyaweka makubwa mgongoni halafu yanapungua pungua kuelekea mkiani, jicho linatembea lenyewe. Kanuni inaitwa mwendo, na picha imetulia tu hapo ukutani.

BEKA: Chakacha nayo, ile ngoma ya pwani, inakuchezea hivyohivyo. Unahesabu sita, sawa? Ila sita hiyo unaweza kuigawa mara mbili au mara tatu, kwa hiyo mguu unashika mbili, kiuno kinashika tatu, na wote wako sahihi.

ZUHURA: Umesahau melodi na hamonia, watatutukana kwenye komenti.

BEKA: Sijasahau, nilikuwa naisubiri taarab. Kwenye taarab asilia, kama ya Ikhwani Safaa kule Unguja, hao wapo tangu 1905, usitafute sana hamonia ya kikwaya, sauti ya kwanza ya pili ya tatu. Fidla, nai ile filimbi, kanuni ile ala ya nyuzi nyingi, siyo kanuni zako za uchoraji, akordioni, wote wanafuata melodi moja, ila kila mmoja anaipamba kivyake, huyu anaivuta, yule anaikatakata. Utamu wake uko kwenye kupishana huko.

ZUHURA: Na kwenye rangi ya sauti. Kanuni peke yake kila noti ina nyuzi tatu, ndo maana inametameta vile. Sasa mmekuja na vinanda vya umeme, hiyo taarab ya kisasa, rusha roho, fidla zote nzima mtu anabonyeza kidole kimoja.

BEKA: Usianze.

ZUHURA: Naanza! Udi, ile ala kama gitaa, hauna vile vyuma vya kugawa noti shingoni, kidole kinatelezea kwenye zile noti za katikati ambazo kinanda cha kawaida kinaziruka.

BEKA: Kuna vinanda vinasetiwa robo toni, noti hizohizo za katikati, siku hizi Zuhura, tena vingi.

ZUHURA: Vinasetiwa, ndiyo. Ila noti ikishasetiwa inakaa palepale wimbo mzima, wakati mpiga udi anaisogeza kidogo kidogo kufuata anavyoimba mwimbaji.

BEKA: Haya, hapo umenikamata. Ila rusha roho siachi, nakwambia kabisa.